Sehemu Hii Inatumika

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa ile harufu unayoipata ukijikuna ndani ya sikio halafu ukanusa kidole, na usijifanye hujawahi, kila mtu amewahi. Ilitokea chumba cha mbele, mezani kwa fundi, saa nne asubuhi jua likiwa limejaa mlangoni. Mkewe, aliyekuwa chumba cha pili akimvalisha mtoto, alisimama na kaptula mkononi akauliza ni nani ameleta kitu kichafu humu ndani.

Fundi alikuwa anatema mate.

Watu walimwita Fundi Mate, na jina lilimkaa kama shati la kushonewa. Kazi yake ilikuwa vitu vidogo vya kusema na kuimba: redio, simu, spika, vicheza muziki vya mfukoni. Mikono yake ilikuwa na akili, hakuna aliyebisha. Lakini betri aliipima kwa ulimi. Ikimchoma, ni nzima, isipomchoma, imekufa. Vyuma vya ndani vikishika kutu alivitemea tone moja, akasugua kwa kidole gumba, akakaushia kwenye shati. Sindano yake ya kuchokolea matundu haikuwa na kikopo. Kikopo chake kilikuwa midomo. Angeichokoa redio ya mtu, akaibana sindano kati ya meno huku akitafuta bisibisi, akaitoa tena ikimetameta, akaendelea. Mkewe alimletea chupa nzima ya spiriti ya kusafishia. Ikakaa rafuni mpaka ikaota vumbi mabegani. Fundi alisema spiriti inakausha, mate yanalainisha, na marehemu aliyemfundisha kazi alifanya hivyohivyo mpaka akazeeka.

Siku ya pili ya ndoa yao mwanamke yule alimwambia kwamba mkono huo hautamgusa uso kabla ya sabuni. Miaka tisa ilipita, na haukuwa umemgusa.

Minane kati ya hiyo tisa waliikaa wawili tu, wakisikilizana vijiko. Halafu akaja Kibibi. Walimwita hivyo kwa sababu alizaliwa na ndita usoni kama bi kizee aliyeletewa chai ya jana. Sasa alikuwa na miezi saba, na ujuzi wake mkubwa duniani ulikuwa kugeuka. Umwite kushoto, ageuke kushoto. Uchakarishe karatasi nyuma yake, akutafute. Baba yake alikuwa akigonga bisibisi mezani mara mbili, ko ko, na kutoka chumba cha pili mtoto anajibu kwa ukelele, naye anagonga tena, na hapo kazi inalala robo saa nzima watu wawili wanaongea lugha yao. Fundi alisema huyu ana sikio la kifundi, meza hii ni yake. Mama yake akasema sawa, arithi meza, mate abaki nayo mwenyewe.

Sasa hicho kilichonuka.

Kililetwa na mwanamume mwenye pamba masikioni. Pamba zenyewe zilikuwa za kale, zimekuwa rangi ya uji wa ulezi, na kingo zake zimeshikana kama zimegandishwa. Alisema kwa sauti ya juu mno, kama wasemavyo wasiojisikia. Alikitoa mfukoni kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka mezani bila kukigusa kwa kidole: kicheza muziki kidogo cha bei nzuri, chenye kioo, na hedifoni zake za kuchomeka masikioni. Akaeleza kwamba kinaomba sasisho. Ukikiunganisha na kompyuta, programu mpya inaanza kuingia vizuri tu, inafika asilimia sitini na tatu, inakwama. Fundi akamuuliza ni tangu lini. Yule bwana akamtazama midomo, akatikisa kichwa, hakusikia. Fundi akaandika kwenye karatasi: utakifuata lini?

Mtu yule alisoma, akasoma tena, akawa tayari amekwisha geuka.

“Kikikubali kumaliza,” alisema akiwa mlangoni, “kaa nacho.”

Fundi alimsimulia mkewe akicheka. Mtu kagawa mali asubuhi asubuhi. Mkewe hakucheka. Aliuliza mbona mwenyewe hakutaka kukishika.

Basi fundi akakaa kazini. Na kazi hiyo aliijua. Kifaa kikigoma kusasishwa kuna njia yake, na njia huanzia kwenye kitu chepesi. Akabadilisha waya. Kikafika sitini na tatu, kikakwama. Akahamisha waya tundu jingine la kompyuta. Sitini na tatu. Akakichaji mpaka betri ikajaa, maana vingine vinagoma kwa njaa tu. Akakizima, akabana vitufe viwili kwa pamoja, akahesabu kumi, akakiwasha upya. Akaifuta programu ya kwenye kompyuta, akaiweka nyingine mpya kabisa. Sitini na tatu, na kila kilipokwama kompyuta ilileta kibao kilekile cheupe: Sasisho limeshindikana. Sehemu hii inatumika.

Fundi akakuna kichwa. Inatumika na nani? Hakuna wimbo uliokuwa ukipigwa, hakuna faili lililofunguliwa. Akachomeka hedifoni sikioni kusikia kama kuna kitu kinaendelea humo ndani. Kulikuwa na kitu. Haukuwa muziki. Ilikuwa sauti ya ulimi: mlambo mrefu wa taratibu, halafu kimya, halafu mlambo mwingine, kama mbwa anayerudia sahani aliyokwisha kuimaliza. Akaitoa hedifoni haraka. Ncha yake ya mpira ilitoka sikioni na uzi mwembamba wa kitu cha njano, ukavutika, ukakatika, ukamwangukia shingoni.

Akapangusa. Akasema ni joto.

Ndipo alipoangalia tundu la waya na kuona tatizo, au ndivyo alivyodhani. Lilikuwa limejaa nta. Nta ya masikio, ya kahawia, imeshindiliwa kama na mtu anayeziba ufa wa ukuta. Fundi akafurahi, maana uchafu ni jambo linaloeleweka: waya haugusani vizuri na chuma, sasisho linakatika njiani. Akachukua sindano akachokoa. Ikatoka donge. Akalipakaza kwenye kifuniko cha chupa ya soda, akachokoa tena, likatoka jingine, lenye vinywele. Lililotoka lilikuwa jingi kuliko tundu. Na kati ya donge na donge, akitafuta kitambaa, akafanya kile alichokifanya miaka yote bila kufikiri. Akaibana sindano kwa midomo.

Ilikuwa na chumvi. Halafu uchungu. Halafu, mbali kabisa nyuma ya ulimi, utamu. Baadaye alipokuja kusema yote, alisema kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba wakati ule haikumchukiza.

Akatemea tone moja ndani ya tundu, akasugua, akachomeka waya. Namba ikapanda. Sitini na nne.

Ikasimama hapo. Sehemu hii inatumika.

Lakini ilikuwa imesogea, na fundi akishaona kitu kimesogea hakuna wa kumng'oa kwenye kiti. Akachokoa, akatema, akasugua. Sitini na tano. Akajaribu spiriti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaipangusa vumbi na kuimimina tone, namba haikutikisika. Akatema. Sitini na sita. Unaona, akamwambia mkewe wakati wa chakula, mate yanalainisha. Mkewe akasogeza sahani yake mbali.

Wiki ile aliendelea na kazi nyingine katikati, ili wateja wasimchoke: redio ya kinyozi, simu ya mwalimu, spika ya muuza viatu, kicheza muziki cha mama mmoja wa mtaa wa nyuma. Sindano ni ileile. Mdomo ni uleule. Kisha anakirudia kidude chake. Kila asubuhi tundu lilikuwa limejaa upya, nta mbichi, laini, yenye joto la mwili, na kile kifuniko cha chupa kikawa kinajaa kama kibakuli cha samli. Hakukimwaga. Sabini. Sabini na sita. Themanini na moja.

Na mkewe naye alikuwa na hesabu zake chumba cha pili. Jumatano aliona doa la njano kwenye mto wa mtoto, upande wa sikio la kushoto. Akaufua mto. Alhamisi doa lilikuwa pande zote mbili, na kitambaa kimekakamaa kama kimepigwa wanga. Akamsafisha Kibibi kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Pamba ikatoka imejaa, akachukua nyingine ikajaa, akachukua ya tatu. Mtoto hakulia. Hakuwa na homa. Alinyonya, alicheka akichekewa. Ila mama yake alipokwenda nyuma yake akamwita, Kibibi aliendelea kutazama ukuta. Akachakarisha karatasi. Akapiga makofi. Akachukua sufuria na mwiko akagonga mpaka jirani akauliza kulikoni, na mtoto akaendelea kucheza na vidole vya miguu yake kwa amani ya mtu aliye peke yake duniani.

Alikwenda mlangoni kwa mumewe akamwambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto hasikii. Fundi, bila kuinua kichwa, akasema ni mafua, yataachia. Akachukua bisibisi akagonga meza mara mbili, ko ko, akatega sikio kuelekea chumba cha pili. Kimya.

“Kalala,” akasema.

“Nimembeba,” mkewe akasema.

Fundi akainua kichwa. Kibibi alikuwa begani kwa mama yake, macho mawili wazi, anamtazama baba yake moja kwa moja. Fundi akagonga tena, polepole, akiwa anamwona. Ko. Ko. Mtoto akapepesa macho kwa sababu mkono ulisogea. Kwa sababu ya mkono tu.

Ungedhani hapo mtu angeacha. Aliacha, ndiyo, kwa muda wa kuweka bisibisi chini na kufumba macho. Lakini kinywa chake kilikuwa kimekwisha jaa, kinamwagika pembeni kabla hajakiamuru, na tone likaanguka lenyewe kutoka kidevuni hadi kwenye kidude, na namba ikapanda tisini na moja, na mkewe, aliyekuwa amesimama palepale, akamsikia mtoto akishtuka begani mwake na akahisi kitu cha joto kikimtambaa shingoni. Akapeleka kidole. Uzi wa nta ulikuwa unatoka sikioni kwa mtoto.

Yeye hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza, akamlaza Kibibi mapajani, akamwambia mumewe kwa ile sauti ya mtu anayepita karibu na nyoka:

“Baba Kibibi. Usiteme.”

Fundi akatikisa kichwa kwamba hatatema. Akafunga mdomo. Mashavu yake yakaanza kuvimba. Akameza, yakajaa tena, akameza, macho yakamtoka machozi, akaweka viganja viwili mdomoni na mate yakapenya kati ya vidole, ya njano sasa, mazito, yananuka sikio, yakatiririka kwenye mikono hadi kwenye viwiko na kutoka viwikoni hadi mezani, na pale mezani hayakutawanyika kama maji yatawanyikavyo bali yalijikusanya yakaelekea kwenye lile tundu kama siafu wanaorudi shimoni, tisini na mbili, tisini na tatu, na kila namba mtoto anashtuka, na kutoka kwenye zile hedifoni zilizolala mezani hazijachomekwa popote ukasikika ulimi, mlambo mrefu wa taratibu na mlambo mwingine, lakini safari hii mwanamke aliusikia sehemu mbili kwa pamoja, mezani na mapajani mwake, ndani kabisa ya kichwa kidogo cha mwanawe. Akang'oa waya wa kompyuta. Namba ikapanda vilevile, kwenye kioo cha kidude chenyewe. Akavua kilemba akamshindilia mumewe mdomoni chote, akamfunga kwa nyuma, akaleta ile sufuria na mwiko, akakisukuma kidude ndani, akafunika. Kabla kifuniko hakijashuka, kioo kilionyesha tisini na saba.

“Ukikitoa hicho kilemba,” akamwambia, “nitakushona.”

Akambeba mtoto akatoka mbio.

Bibi Masikio alikaa mtaa wa tatu. Alikuwa muuguzi, amestaafu, na miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja tu, kuosha masikio ya watu kwa bomba la sindano na maji ya uvuguvugu. Alikuwa ametoa humo maharage, mende, shanga, na jino moja ambalo halikuwa la mgonjwa. Hakuwa mtu wa kushangaa. Alipomulika tochi sikioni kwa Kibibi alisema, na hakumsemesha mtoto:

“Geuka nikuone.”

Mama mtu, aliyeinamia karibu, alikiona. Ndani kule, mwisho wa mwanga, kitu chenye unyevu kilijikunja kama konokono aliyeguswa pembe.

Bibi Masikio akazima tochi. Akauliza kama kuna mtu mwenye pamba alipita kwao. Alipojibiwa akasonya. Alisema yule alimjia mwezi uliopita, masikio yamekwisha liwa mpaka ndani, hakuna la kuokoa. Alikuwa mlinzi wa ghala, yeye na wenzake wanne walikuwa wanapokezana hicho kidude na hedifoni zake zamu kwa zamu, sikio kwa sikio, bila kupangusa. Alimwambia akichome moto. Kumbe ameona afadhali akigawe.

Waliporudi, fundi alikuwa sakafuni, kilemba kimelowa kinachuruzika. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinacheza. Bibi Masikio alikipita kama mtu anayepita uji unaochemka, akapanga vitu vyake: bomba la sindano, kibakuli cha chuma, chumvi, birika. Kisha akaeleza, taratibu, kwa maneno ambayo mwanamke yule aliyarudia kwa watu miaka mingi baadaye bila kukosea hata moja.

Alisema huyu ni jini wa nta. Havunji mlango, hukaribishwa. Anakula kilicho sikioni, na kikiisha anakula sikio. Hilo mnaloliita sasisho halikuwa programu ya kuingia kwenye kidude. Alikuwa ni yeye anahama, anatoka humo kwenda kwa mtu. Alikwama sitini na tatu kwa sababu mwenye pamba alikuwa amekwisha kauka, hana cha kumlisha njiani.

“Wewe ukampa mate,” alimwambia fundi. “Mate yako ni mwili wako. Na huyu mtoto ni mwili wako. Umemwonyesha njia mwenyewe, kwa mkono wako, tone kwa tone.”

Fundi alitoa sauti ndani ya kilemba.

Mkewe akauliza kama anatoka. Bibi Masikio akasema anatoka, ila si kwa kusukumwa peke yake. Yeye atamsukuma huku kwa maji ya chumvi. Mtu mwingine lazima amvute kule, na kule hawezi kuvuta ila yule aliyempa chakula. Alichompa akichukue chote. Kilichomo tunduni na kilichomo kwenye kifuniko cha soda.

Fundi akakifungua kilemba mwenyewe.

“Nikichukue kwa kitu gani?”

“Kwa ulichokitolea. Kwa mdomo.”

Yeye alitazama kifuniko. Siku nne za nta, imepanda kilima katikati, vinywele vyake vimesimama, na juu yake ngozi nyembamba iliyokuwa inapumua. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa tayari amemlaza Kibibi ubavu, kitambaa chini ya shavu, na hakumpa mumewe jicho la huruma wala la kumlaumu. Alifunua tu sufuria, akamsogezea kidude na kifuniko cha soda kwa mwiko.

Tuseme kilichotokea na tusikae juu yake. Bibi Masikio alisukuma maji sikioni, taratibu, na fundi akapeleka ulimi kwenye lile tundu. Akalamba. Kitu kikavutika kwenye ulimi wake kama kamasi la mzee, refu, halikatiki, na alipolimeza namba ikashuka. Tisini na sita. Akatapika. Bibi Masikio, bila kuinua uso kutoka kwenye sikio la mtoto, akamwambia kilichotapikwa hakijachukuliwa, arudie. Namba ilikuwa imepanda tena. Akarudia. Matapishi nayo akayarudia, jamani, sakafuni, kwa magoti, baba mzima, huku mkewe akimmwagia kikombe cha maji kichwani ili asizimie. Tisini. Themanini na mbili. Kutoka sikioni kwa mtoto maji yalikuwa yanaanguka kibakulini meusi, kisha ya kahawia, kisha ya njano, na kule mezani hedifoni zilikuwa zinajinyonganyonga na ile sauti ya kulamba imegeuka kuwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayeshikilia fremu ya mlango kwa kucha. Fundi akakila kilichomo kwenye kifuniko. Alikila kwa kidole, kama mtoto anavyokomba sufuria, macho amefumba, machozi na nta vimechanganyika kidevuni, na vile vinywele vikimnasa kooni akivivuta kwa vidole na kuvimeza tena.

Sitini na tatu.

Sauti ikakoma. Maji yaliyotoka sikioni yalikuwa safi kama yalivyoingia. Kibibi akapiga chafya, akashtuka kwa chafya yake mwenyewe, akageuza kichwa kumtafuta aliyefanya kelele ile.

Mama yake aliinama akamwita jina upande wa kushoto, kwa mnong'ono. Akageuka kushoto.

Fundi akaanguka chali. Alisema basi, imekwisha. Akaonyesha kioo. Sitini na tatu ndipo kilipokuwa kilipoletwa; yaliyo chini ya hapo si yake, ni ya mwenye pamba na wenziwe, nta ya wanaume watano asiowajua. Yake ameyamaliza. Bibi Masikio hakubisha. Alisema ni kweli, mtoto amefunguka, kwa upande wake kazi imekwisha. Akaanza kukausha bomba lake.

Kidude kilikuwa kimetulia. Kwenye kioo chake, kile kibao cheupe cha kompyuta sasa kilikuwa kinangoja: Sehemu hii inatumika.

Mwanamke alikitazama muda mrefu, mtoto begani anamvuta sikio.

“Maliza,” akasema.

“Mama Kibibi, siwezi.”

“Utakipeleka wapi? Utakifunga kwenye gazeti?” Alisema polepole, kama anayempimia mtu dawa. “Kuna nyumba nyingine ina mtoto. Maliza.”

Fundi akamaliza. Ilimchukua mpaka alasiri. Nta ya wale wengine ilikuwa ngumu, kuukuu, na kila mmoja alikuwa na ladha yake. Alisema mmoja alikuwa mvuta tumbaku na mmoja alikuwa na usaha. Kilipofika sifuri kioo kikazimika, na kutoka tunduni kikadondoka kitu kidogo kama ganda la punje ya mchele, kikavu, tupu. Bibi Masikio akakiweka kwenye kijiko, akakichoma. Kilinuka kama nywele. Kile kidude nacho kikachomwa, uani, na hedifoni zake.

Siku mbili fundi alilala. Ya tatu aliamka, akasugua ulimi kwa mswaki na chumvi mpaka ukatoka damu, akafungua chumba cha mbele. Sindano akaitupa chooni. Chupa ya spiriti akaiteremsha rafuni, akaiweka katikati ya meza. Kisha akachukua bisibisi. Ko ko.

Chumba cha pili ukatoka ukelele mrefu wa hasira, wa mtu aliyeachwa akingoja siku nyingi. Fundi akainamisha kichwa juu ya meza akalia, na mkewe akaja akasimama nyuma yake, akamshika shavu. Akauchukua mkono wa mumewe akauweka usoni pake mwenyewe. Haukuwa umepita sabuni.

Walikuwa bado wako hivyo aliposikika mtu anabisha hodi.

Alikuwa yule mama wa mtaa wa nyuma, mtoto amelala mgongoni, shavu limebanwa kwenye kanga. Alisalimia, akaomba radhi kwa usumbufu, akaweka kicheza muziki chake juu ya meza. Alisema kilikuwa kizima kabisa kilipotoka hapa. Sasa tangu juzi kinaomba sasisho, na kila akikubali kinakwama.

“Kinakwama ngapi?” fundi akauliza.

“Kumi na nane. Asubuhi kilikuwa kumi na mbili.” Akacheka kidogo, kwa aibu. “Kinasema eti kinatumika.”

Nyuma yake barabarani kinyozi alikuwa anavuka na redio kwapani. Mwalimu alikuwa amekwisha fika kizingitini, simu mkononi, kichwa amekilaza upande mmoja, anajigonga sikio kwa kiganja kama mtu aliyetoka kuogelea.

Mke wa fundi alikwenda chumba cha pili akarudi na birika, chumvi na kikombe, akavipanga mezani mbele ya mumewe. Kisha akamwomba yule mama amshushe mtoto mgongoni, amlaze ubavu.

Fundi alikivuta kile kidude karibu, akakiinamia. Harufu ikapanda. Akafungua mdomo kujiandaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ulimi wake ulikuwa mkavu kabisa.